Kelele za Feni na Joto la Kompyuta ya Mezani: Kulinganisha Njia za Kuvipunguza

Karibu kila wati ya umeme inayoingia ndani ya kompyuta ya mezani hutoka ikiwa joto. Prosesa inayotumia wati 100 huzalisha joto la wati 100, na kadi ya michoro inayotumia wati 300 huzalisha joto la wati 300. Kazi ya feni ni kulitoa joto hilo nje ya kasha, na kasi yake huamuliwa na vipimajoto vilivyomo ndani ya chipu zenyewe. Kwa sababu hiyo, anayetaka kompyuta tulivu ana milango mitatu ya kupitia: kupunguza joto linalozalishwa, kulihamisha joto kwa ufanisi zaidi, au kuisogeza hewa ileile kwa sauti ndogo zaidi. Wengi huanzia mlango wa pili au wa tatu, wakanunua feni mpya au mfumo wa kupoza kwa maji, ilhali mlango wa kwanza ulikuwa wazi muda wote na hauhitaji kununua kitu chochote. Ulinganisho unaofuata umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuamua aanzie wapi na, akilazimika kununua, anunue nini.

Kutambua chanzo kabla ya kuchagua dawa

Kasha moja linaweza kuwa na feni sita au saba, na kila moja ina dawa yake. Fungua ubavu wa kasha wakati kompyuta inafanya kazi, kisha uweke ncha ya kidole kwenye kitovu cha feni ya kasha, pale katikati penye kibandiko, ukikandamize taratibu mpaka feni isimame kwa sekunde mbili tatu. Sauti ikikatika, umeipata. Isipokatika, nenda kwenye feni inayofuata. Usiyaguse mapanga yenyewe, na feni ya pawasaplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, iache kabisa. Aina ya sauti nayo hueleza mengi. Mkwaruzo au mgongano wa mara kwa mara huashiria beringi iliyochakaa, na feni hiyo haina budi kubadilishwa. Mvumo wa hewa huashiria kasi kubwa, ambayo ina sababu yake ya joto. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri picha za mchezo zinavyobadilika hautoki kwenye feni hata kidogo: hutoka kwenye koili, yaani nyaya zilizosokotwa, za kadi ya michoro au za pawasaplai, na mtu anaweza kubadilisha feni zote bila kuuondoa. Dawa yake ya kawaida ni kuweka kikomo cha idadi ya fremu kwa sekunde, kwa sababu mlio huo hukolea pale kadi inapochora mamia ya fremu ambazo skrini haiwezi hata kuzionyesha.

Joto nalo lina vipimo viwili rahisi vinavyoweza kumwokoa mtu na manunuzi yasiyo ya lazima. Cha kwanza ni kuipa kompyuta kazi nzito kwa dakika kumi na tano, ukasoma nyuzijoto kwa programu kama HWiNFO, kisha ukaondoa ubavu wa kasha na kusoma tena. Nyuzijoto zikishuka kwa kiasi cha kuonekana, tatizo ni mzunguko wa hewa wa kasha. Zikibaki palepale, kasha halina kosa, na macho yaelekezwe kwenye kipozajoto cha prosesa, yaani chuma chenye mapezi na feni kilichokaa juu yake, au kwenye kadi yenyewe. Kipimo cha pili ni kuangalia jinsi nyuzijoto zinavyopanda. Prosesa inayoruka hadi nyuzi 95 za Selsiasi ndani ya sekunde chache, huku mapezi ya alumini ya kipozajoto yakiwa bado baridi mkononi, inaonyesha kwamba joto halifiki kwenye mapezi: pesti ya joto, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipozajoto, imekauka, skrubu hazikukazwa sawasawa, au, kwa mfumo wa maji, pampu imekufa. Mapezi yakiwa ya moto kweli kweli, joto limefika ila hewa haitoshi kuliondoa.

Kusafisha au kubadilisha pesti

Hizi mbili hutajwa pamoja kila mara, ingawa hazilingani kwa faida wala kwa usumbufu. Kusafisha kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa kompyuta iliyokaa sakafuni mwaka mzima. Ukiitoa feni ya kipozajoto cha prosesa kwa kufungua vishikizo vyake, mara nyingi utaona vumbi halijatapakaa juu ya mapezi. Limejikusanya upande ule ule ambako hewa inaingilia, likasukwa kuwa utando mmoja wa kijivu ambao unaweza kuvuliwa kama kitambaa. Feni inazunguka kwa kasi yake yote na hewa haipiti. Mtu anayetazama kwa nje huona mapanga safi yanayozunguka na kuamini kwamba kila kitu ni sawa, kwa hiyo utando huu hauonekani mpaka feni itolewe.

Blowa au kopo la hewa hutosha, kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa, na mapanga yakiwa yameshikwa yasizunguke. Kuyashika ni jambo la lazima: feni inayozungushwa kwa nguvu na hewa hupita kasi iliyotengenezewa, beringi ikaumia, na mota yake inaweza kurudisha umeme kwenye ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Mashine ya kufyonza vumbi haifai kuingizwa ndani ya kasha kwa sababu mpira wake huweza kujenga umeme tuli.

Kubadilisha pesti ya joto kuna maana pale tu kipimo cha pili kilichotajwa juu kinapoelekeza huko, au kompyuta inapokuwa imekaa miaka mingi bila kuguswa. Tofauti kati ya pesti nzuri ya kawaida na ile ghali zaidi ni ya nyuzi chache tu kwa prosesa nyingi, wakati tofauti kati ya pesti iliyokauka na iliyo mbichi inaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo anayechagua kati ya pesti mbili asipoteze muda. Anayechagua kati ya kusafisha na kubadilisha pesti aanze kusafisha, apime, kisha aamue.

Kupunguza umeme wa prosesa, au kupunguza kasi ya feni

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote, na ndipo ambapo mlinganyo mdogo wa fizikia unamfaa mnunuzi kuliko tangazo lolote. Joto linalotokana na kazi ya chipu hukua kwa kasi ya saa yake, yaani idadi ya mapigo ya kazi kwa sekunde, na kwa mraba wa volti yake. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 na kasi ya saa kwa asilimia 10, joto hilo hushuka kwa takribani asilimia 27, kwa kuwa 0.9 × 0.9 × 0.9 hutoa 0.729. Sehemu ya mwisho ya kasi ya prosesa ndiyo inayogharimu joto jingi kuliko sehemu nyingine zote, na watengenezaji, wakishindania namba za majaribio, huziuza prosesa zao zikiwa zimeshafika kwenye sehemu hiyo.

Mifano iko wazi. Ryzen 9 7950X ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, huruhusiwa kutumia hadi wati 230 kwenye soketi yake ya ubao mama, na AMD wenyewe walieleza kwamba prosesa za kizazi hicho zimekusudiwa kupanda hadi nyuzi 95 zinapofanya kazi nzito. Prosesa hiyohiyo ina Eco Mode, mpangilio wa kupunguza umeme ambao huishusha hadi wati 142 au hadi wati 88. Kwa upande wa Intel, Core i9-13900K ina kiwango cha msingi cha wati 125 na cha juu cha wati 253, na mbao mama nyingi zimekuwa zikiondoa kikomo hicho kabisa bila mwenye kompyuta kuombwa ruhusa. Kukirudisha kikomo kwenye menyu ya BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowashwa, ni kazi ya dakika tano. Kwa kazi za kawaida, yaani kuandika, kuvinjari na hata michezo mingi, mtumiaji hataiona tofauti, kwa sababu kazi hizo hazivitumii viini vyote (cores) vya prosesa kwa pamoja. Anayechakata video au picha za 3D kwa saa nyingi ndiye atakayeona kazi ikichelewa kidogo, na hata yeye ataona kwamba upungufu wa kasi ni mdogo kuliko upungufu wa wati.

Kuna njia tatu za kufika huko, nazo hazifanani kwa hatari. Kuweka kikomo cha wati ni salama kabisa: prosesa hujipunguzia kasi yenyewe inapofika ukomo. Kushusha volti bila kugusa kasi huleta matokeo mazuri zaidi, kwa kuwa kasi hubaki ileile huku joto likishuka, lakini kila chipu ina uvumilivu wake, na volti iliyoshushwa mno huifanya kompyuta ijizime katikati ya kazi au, vibaya zaidi, ikosee hesabu kimyakimya. Anayeshusha volti anapaswa kushusha kidogo kidogo na kuipima kompyuta kwa kazi nzito ya saa kadhaa kila mara. Njia ya tatu ni ile ya wale wasiotaka kuingia BIOS: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100 huzima ile kasi ya ziada ya muda mfupi, na joto hushuka mara moja. Ni njia butu, maana huondoa wepesi ambao mtumiaji angeufurahia katika kazi fupi, na mimi ningeipendekeza kwa kompyuta ya ofisi tu au kwa ile ambayo BIOS yake haina mpangilio wa wati.

Kupunguza kasi ya feni bila kupunguza joto ni jambo tofauti. Ubao mama wa kisasa una mchoro wa kasi ya feni unaosema: kwa nyuzi hizi, zunguka kwa asilimia hii. Michoro ya kiwandani huwa na haraka kupita kiasi. Prosesa inaweza kupanda nyuzi 15 ndani ya sekunde moja kwa sababu tu umefungua ukurasa wa intaneti, feni ikavuma, kisha ikatulia, kisha ikavuma tena. Na sikio la binadamu huchoshwa na sauti inayobadilika kuliko sauti isiyobadilika hata ikiwa kubwa kidogo. Dawa ni kuufanya mchoro uwe tambarare mpaka nyuzi 60 au 65, uanze kupanda taratibu kuanzia hapo, na uwekewe ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla feni haijajibu mabadiliko. Prosesa inayopumzika kwenye nyuzi 50 badala ya 40 haipotezi chochote. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 95 au 100 kabla hazijajipunguzia kasi zenyewe.

Kama ni lazima kuchagua moja kati ya hizi mbili, kikomo cha wati kinatangulia. Mchoro wa feni hubadilishana joto kwa utulivu. Kikomo cha wati hupunguza vyote viwili, na pia hupunguza joto linaloingia chumbani. Ukivifanya vyote, kwa utaratibu huo, kompyuta nyingi zinazolalamikiwa hazitahitaji kitu kingine.

Kabla ya kuondoka kwenye BIOS, angalia pia jambo moja linalosababisha kelele nyingi zisizo na sababu. Feni zenye waya tatu hudhibitiwa kwa kushusha volti kutoka 12 kwenda chini, na zenye waya nne hudhibitiwa kwa mapigo ya PWM, yaani ishara ya kuwasha na kuzima kwa haraka. Feni ya waya tatu ikichomekwa kwenye tundu lililowekwa katika hali ya PWM huzunguka kwa kasi yake ya juu kabisa siku zote, iwe baridi au joto. Kubadilisha hali ya tundu hilo ni mbofyo mmoja.

Feni: ukubwa, idadi na beringi

Sheria za feni ni za kuaminika kiasi cha kuzitumia kabla ya kununua. Kiasi cha hewa hupanda sawa na kasi, ila sauti hupanda kwa haraka zaidi: feni ikishushwa kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 1,000, hewa hupungua kwa theluthi moja, na sauti hupungua kwa takribani desibeli 9, ambazo sikio huzisikia karibu kama nusu ya sauti ya mwanzo. Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza huongeza desibeli 3 tu. Ukiunganisha hesabu hizi mbili, feni mbili zinazozunguka mara 1,000 husogeza hewa nyingi kuliko feni moja inayozunguka mara 1,500, na bado zikawa tulivu zaidi kwa takribani desibeli 6. Ndiyo maana kuongeza feni kunaweza kupunguza kelele, sharti tu zote zishushwe kasi. Anayeongeza feni akaziacha kwenye mchoro wa kiwandani amenunua kelele.

Kwa ukubwa, feni ya milimita 140 ina eneo kubwa kwa asilimia 36 kuliko ile ya milimita 120, hivyo hupitisha hewa ileile kwa kasi ndogo. Mahali kasha linaporuhusu, chagua ya 140. Feni ndogo za milimita 80 au 92, ambazo bado zinapatikana kwenye kompyuta za kiwandani zilizobanwa, ndizo zenye mlio unaochosha, kwa kuwa hazina njia nyingine ya kusogeza hewa isipokuwa kukimbia. Kati ya feni ya waya tatu na ya waya nne, ya waya nne hushuka hadi kasi ndogo bila kukwama na hudhibitiwa kwa usahihi zaidi, wakati ya waya tatu inaweza kushindwa kuanza kuzunguka volti ikishushwa sana.

Beringi ni jambo ambalo wanunuzi hulipita haraka, nalo ndilo huamua sauti ya feni baada ya miaka mitatu. Beringi ya kawaida ya bushi ni tulivu ikiwa mpya, lakini mafuta yake hukauka, hasa feni ikilazwa mlalo juu ya kasha. Beringi ya gololi hudumu, hata kwenye joto, ila ina mlio mdogo tangu siku ya kwanza. Beringi ya mafuta yenye mgandamizo, inayotumiwa na feni nzuri za Noctua, be quiet! na Arctic, inaunganisha utulivu na maisha marefu, na kwa feni iliyo karibu na sikio sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Mwelekeo wa hewa hauna mjadala mkubwa: hewa iingie mbele na chini, itoke nyuma na juu. Penye vumbi, ni bora hewa inayoingia izidi kidogo ile inayotolewa, ili hewa isifyonzwe kupitia nyufa zisizo na chujio.

Kipozajoto cha hewa au mfumo wa maji

Mjadala huu huendeshwa kwa ushabiki, na pengine kwa sababu mfumo wa maji unapendeza machoni. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba maji hayalifuti joto. Yanalibeba kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, yaani fremu ya mirija na mapezi, na pale rejetani ni feni zilezile zinazolitoa. Chumba kitapata joto lilelile. Faida ya maji ni mbili: rejeta ya milimita 280 au 360 ina eneo kubwa kuliko mapezi yoyote yanayoweza kukaa juu ya prosesa, na maji yenyewe huchukua dakika kadhaa kupata moto, kwa hiyo yakitumiwa kama kipimo cha kuendeshea feni, feni hazishtuki kwa kila ukurasa unaofunguliwa.

Hasara zake ni za aina ambayo haionekani dukani. Pampu huzunguka wakati wote, na kompyuta isipokuwa na kazi huenda pampu ndiyo sauti pekee inayosikika, mlio mwembamba ambao feni zilizotulia haziufuniki. Mfumo uliofungwa kiwandani hupoteza maji kidogo kidogo kupitia mipira yake kwa miaka, na hewa inayochukua nafasi yake hukusanyika sehemu ya juu kabisa. Kwa hiyo pampu isiwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote. Rejeta iliyofungwa mbele ya kasha ipande juu ya pampu, ama sivyo hewa itaingia kwenye pampu, itabubujika na kuichakaza. Pampu ikifa, mfumo mzima hubadilishwa, na kompyuta haiwezi kutumika hata kwa siku moja katika kusubiri.

Kipozajoto cha hewa cha mnara, chenye mirija ya shaba na mapezi mengi, kina sehemu moja tu inayoweza kuharibika, yaani feni, nayo hubadilishwa kwa dakika mbili na feni yoyote ya ukubwa huo. Kikubwa cha aina hii, kama NH-D15 ambayo Noctua ya Austria iliitoa mwaka 2014, kinakabiliana na mifumo mingi ya maji ya ukubwa wa kati kwa joto na kwa sauti. Kasoro zake ni za umbo: kina urefu wa milimita 165 na uzito wa zaidi ya kilo moja, hivyo ni lazima upana wa kasha upimwe kabla ya kununua, nafasi ya vijiti vya kumbukumbu (RAM) iangaliwe, na kompyuta isisafirishwe mbali kikiwa kimefungwa.

Kwa prosesa isiyozidi wati 150 katika kazi halisi, kipozajoto cha hewa ndicho chaguo, bila kusita. Rejeta ya milimita 120 yenye feni moja siipendekezi kwa mtu yeyote anayetafuta utulivu: ina matatizo yote ya pampu bila lile eneo kubwa ambalo ndilo lilikuwa faida ya maji. Mfumo wa maji wa milimita 280 au 360 una haki yake kwa prosesa zinazopita wati 200 kwa muda mrefu, au pale kasha lisipotoshea mnara. Wapo pia wanaotaka kuondoa feni kabisa. Noctua ilitoa kipozajoto kisicho na feni, NH-P1, mwaka 2021, na kinafanya kazi, kwa sharti kwamba prosesa iwe ya wati chache na kasha liwe wazi juu na chini. Kwa wengi, feni moja kubwa inayozunguka mara 500 kwa dakika haisikiki kutoka kitini, na huleta usalama mkubwa kuliko ukimya huo kamili.

Kadi ya michoro

Kwa anayecheza michezo, sehemu hii ina uzito kuliko zote zilizotangulia. RTX 3080 imepangiwa wati 320 na RTX 4090 wati 450, wakati prosesa katika mchezo uleule huenda haifiki hata wati 100. Karibu kadi zote za feni mbili au tatu humwaga joto hilo ndani ya kasha, likawapasha moto prosesa na diski. Kadi ya feni ya turbo inayosukuma hewa moja kwa moja nyuma ya kasha haifanyi hivyo, ila ina kelele zaidi. Inafaa kwenye kasha dogo lisilo na mzunguko wa hewa, au penye kadi mbili zilizobanana, na si kwingineko.

Kubadilisha kipozajoto cha kadi ni kazi ya wachache, na inaweza kuharibu dhamana. Kushusha kikomo cha wati kwa programu kama MSI Afterburner, kwa kuvuta kitelezi kimoja hadi asilimia 75 au 80, hufanywa bila hatari, na upungufu wa fremu ni mdogo mno ukilinganishwa na upungufu wa joto. Kuweka kikomo cha fremu sawa na uwezo wa skrini huongeza utulivu juu ya hapo. Kadi nyingi pia huzima feni zake zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60, jambo jema mpaka kadi inapoyumba kwenye mpaka huo na feni kuwaka na kuzima kila dakika; ikifikia hapo, ni afadhali kuziacha zizunguke polepole bila kukoma.

Kasha, pawasaplai na diski

Makasha yanayouzwa kwa jina la utulivu huwa na sponji nene kwenye mbavu na uso uliofungwa. Sponji huzuia sehemu ya sauti kali, lakini uso uliofungwa huipunguza hewa, feni zikalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na kelele iliyozuiwa mlangoni inarudi kwa dirisha. Kwa kompyuta ya wati chache, yenye prosesa tu na kadi ndogo, kasha la sponji hufanya kazi nzuri. Kwa yenye kadi ya wati 250 na zaidi, uso wa wavu ndio unaoshinda, kwa kuwa feni zinaweza kushushwa mpaka kusiwe na kelele ya kuzuia.

Pawasaplai yenye uwezo wa kutosha juu ya mahitaji huifanya feni yake izunguke polepole au isimame kabisa penye mzigo mdogo. Ikianza kukwaruza, ibadilishwe nzima. Kasha lake halifunguliwi nyumbani, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Diski za kuzunguka, hasa za mizunguko 7,200, hutikisa kasha zima, na mtikisiko huo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni wa feni. Vikalio vya mpira husaidia, lakini kuhamia SSD, hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka, humaliza jambo hilo moja kwa moja.

Nani achague nini

Mwenye kompyuta ya ofisi au ya mwanafunzi, isiyo na kadi ya michoro ya peke yake, asafishe, arekebishe mchoro wa feni, na asinunue kitu mpaka amepima. Anayecheza michezo aanze na kikomo cha wati na cha fremu kwenye kadi, kisha apime kwa ubavu wa kasha ukiwa wazi. Jibu la kipimo hicho litamwambia kama fedha yake iende kwenye feni mbili za milimita 140 za mbele au ibaki mfukoni. Anayechakata video kwa saa nyingi ndiye mwenye sababu ya kweli ya kununua mnara mkubwa au rejeta ya 360, na hata yeye anufaike kwanza na kikomo cha wati, ili anachonunua kisifanye kazi kwenye ukingo wa uwezo wake. Anayerekodi sauti chumbani humo humo atafute utulivu usiobadilika badala ya nyuzijoto ndogo: feni zote zifungwe kwenye kasi moja ya chini, kikomo cha wati kishushwe mpaka joto likae chini ya nyuzi 85 kwa kasi hiyo, na diski za kuzunguka ziondolewe.

Mwenye chumba chenye joto akumbuke kwamba kipozajoto chochote kinachotumia hewa, pamoja na kile cha maji, hakiwezi kushuka chini ya nyuzijoto za chumba, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka vilevile kwenye chipu. Kompyuta iliyokuwa tulivu chumba kikiwa na nyuzi 22 itavuma kikiwa na nyuzi 32 bila kitu chochote kuharibika ndani yake. Kwa chumba kama hicho, wati 80 zilizopunguzwa kwenye BIOS zina thamani kuliko rejeta kubwa kuliko zote, kwa sababu rejeta ingezitoa wati hizo na kuzimwaga kwenye hewa ileile ambayo feni zitaivuta tena.